Kudorora kwa Bongo Muvi na Matumaini ya Sinema Huru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayojirudia kila filamu ya Kiswahili inapoonyeshwa hadharani na watazamaji wakabaki vitini kuzungumza na walioitengeneza. Majibu yanahusu zaidi Tanzania, kwa kuwa ndiko soko la filamu za Kiswahili lilikopata kuwa kubwa na ndiko lilikoanguka kwa kishindo; Kenya na Uganda zimeingizwa pale zinapotusaidia kujilinganisha. Mwandishi ana msimamo wake katika mambo kadhaa na hakuona sababu ya kuuficha.

Bongo Muvi ni nini hasa?

Ni jina la mazoea la filamu za video zilizotengenezwa Tanzania, hasa Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuuzwa kwa kanda za VHS, kisha VCD, kisha DVD. Hazikukusudiwa kuonyeshwa katika ukumbi wa sinema. Zilitengenezwa ziangaliwe sebuleni, saluni, ndani ya basi la kwenda mkoani na katika vibanda umiza, yaani mabanda ya mtaani ya kuonyeshea video kwa kiingilio, na jambo hilo linaeleza mengi ya tabia zake: nyuso zilizopigwa kwa karibu, mazungumzo marefu kwenye sofa, muziki usiokatika, na hadithi inayoweza kufuatwa hata na mtu anayesukwa nywele huku ameipa televisheni kisogo.

Na tunaposema sinema huru, ni huru kutokana na nini?

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Marekani, filamu huru ni ile iliyotengenezwa nje ya studio kubwa za Hollywood, zenye kumiliki mtaji, usambazaji na hata nyota wenyewe. Sisi hatukupata kuwa na studio za namna hiyo. Kwa kipimo cha Marekani, Bongo Muvi yote ilikuwa sinema huru, kwa sababu ilitengenezwa na watu binafsi kwa fedha za mfukoni, za mkopo wa ndugu au za malipo ya awali kutoka kwa msambazaji.

Katika ukurasa huu tunatumia maana nyembamba zaidi. Filamu huru ni ile ambayo mwenye kuitengeneza hakuuza masta yake, yaani nakala mama, kabla haijakamilika, hakupangiwa na mfanyabiashara urefu, waigizaji wala kava, na anabaki na haki ya kuamua itaonyeshwa wapi na kwa bei gani. Ni uhuru wa kibiashara kabla haujawa uhuru wa kisanaa.

Je, Tanzania ilikuwa na filamu kabla ya Bongo Muvi?

Ilikuwa nazo, ingawa kwa muda mrefu hazikuwa mali ya watu waliozitazama. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliweka kambi ya majaribio ya filamu za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, wakiwafundisha Waafrika kilimo na usafi kwa picha zinazotembea. Baada ya uhuru, serikali ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na filamu za miaka ya 1970 zikabeba ujumbe wa Ujamaa na vijiji vyake.

Kazi mbili za baadaye zinastahili kukumbukwa zaidi ya zinavyokumbukwa. Ya kwanza ni *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, inayohusu mwanamke kijana mgonjwa na tiba za asili, na iliyopata tuzo katika tamasha la FESPACO huko Ouagadougou. Ya pili ni *Maangamizi* ya Martin Mhando na huyo huyo Mulvihill, iliyopelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2001. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa nchi hii kupeleka filamu nyingine huko. Katika miaka hiyo hiyo yalitengenezwa mamia ya filamu za Bongo Muvi.

Kumbi za sinema zilikwenda wapi?

Mzee yeyote wa Dar es Salaam anaweza kukutajia majina kama anayetaja ndugu zake: Avalon, Empress, Empire, Odeon, Cameo, New Chox. Unguja kulikuwa na Majestic pale Vuga, ukumbi uliojengwa mwaka 1921 kwa jina la Royal, ukaungua, na ukajengwa upya mwaka 1955. Filamu za Kihindi zilijaza viti, na wengi waliokuwa wakiimba nyimbo zake njia nzima ya kurudi nyumbani hawakujua hata neno moja la Kihindi.

Kumbi hizo hazikuuawa na jambo moja. Usambazaji ulipowekwa chini ya serikali, filamu mpya zikapungua. Uchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ule wa miaka ya 1980 ukakausha fedha za kigeni za kununulia filamu na vipuri vya projekta. Kanda za video zikaingia majumbani. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara, iliyokuwa haina televisheni kabisa, ikapata vituo kadhaa kwa mfululizo. Majengo yakawa makanisa, maduka na maghala. Uwanja wa sinema wa Drive-In wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 1966 na ambako familia zilikwenda na magari yao, mito na vyakula, ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani leo.

Tunalitaja hili kwa sababu Bongo Muvi ilizaliwa katika nchi ambayo tayari ilikuwa imepoteza mahali pa kutazamia filamu kwa pamoja na kwa kulipa kiingilio.

Bongo Muvi ilipataje nguvu kiasi kile?

Ilirithi mambo mawili. La kwanza ni waigizaji wa vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikionyesha michezo yao kwenye televisheni, Kaole Sanaa Group kikiwa mfano mashuhuri. Watazamaji walikwisha kuwazoea sura na majina, na waliwapenda kama jamaa zao. La pili ni mfano wa Nigeria, ambako filamu za video zilikuwa zimethibitisha kwamba mtu anaweza kutengeneza filamu bila ukumbi, bila mkanda wa sinema wa milimita 35 na bila ruhusa ya mtu wa Ulaya.

*Girlfriend* ya George Tyson, iliyotoka mwaka 2003, hutajwa na wengi kuwa ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2006 ikaja *Dar 2 Lagos*, iliyowaunganisha waigizaji wa Tanzania na wa Nigeria, na Steven Kanumba akawa sura inayofahamika mbali na kwao. Ilipofika mwishoni mwa muongo huo, filamu zilikuwa zikitoka kila wiki, na DVD zake zilipatikana Bujumbura, Lubumbashi, Mombasa na katika maduka ya Waswahili waishio Ughaibuni.

Je, ni kweli kwamba tasnia ilikufa pamoja na Kanumba?

Hapana, japo hisia hiyo inaeleweka. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, na umati uliojitokeza kumuaga katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, ulikuwa wa aina ambayo kwa kawaida hutengwa kwa viongozi wa taifa. Ni vigumu kutoona siku hiyo kama mwisho wa kitu. Hata hivyo, biashara inayoweza kuangushwa na kifo cha mtu mmoja ilikuwa imekwisha kuoza nguzo, na waliokuwa ndani yake walilijua hilo kabla ya msiba.

Basi ni nini hasa kilichoiangusha?

Jibu la haraka linalotolewa vijiweni ni uharamia, na la pili ni uvivu wa watengenezaji. Yote mawili yana ukweli, lakini yote mawili ni matokeo. Kiini kilikuwa namna filamu ilivyouzwa.

Mtayarishaji alipomaliza filamu, aliipeleka kwa msambazaji, ambaye kwa kawaida aliinunua masta kwa mkupuo, haki zote, mara moja na kwa daima. Baada ya hapo zikiuzwa nakala 5,000 au nakala 100,000, mtayarishaji hakuongezewa hata shilingi. Kwa hiyo ubora wa filamu, ambao ndio ungeifanya iuzwe kwa miaka kumi, haukuwa na faida yoyote kwa aliyeitengeneza. Njia pekee ya kuongeza kipato ilikuwa kutengeneza filamu nyingi zaidi, kwa siku chache zaidi, kwa gharama ndogo zaidi. Mwenye akili timamu angefanya vivyo hivyo, na wengi waliofanya hivyo walikuwa na vipaji vya kweli.

Msambazaji naye alinunua kwa kutazama kava. Alitaka kujua nani yumo, kwa sababu mteja wa Kariakoo au wa stendi ya mabasi haoni filamu kabla ya kulipa. Anaona sura tatu zilizokatwa na kubandikwa juu ya picha ya gari na jumba la kifahari. Ikafuata kwamba sehemu kubwa ya bajeti iliishia kwa nyota wawili, na kilichosalia kikagawanywa kwa chakula, mafuta ya jenereta, nyumba ya kuazima na kamera. Mwandishi wa skripti alibaki na ahadi. Fundi sauti mara nyingi hakuwapo kabisa. Kipaza sauti kilichokuja na kamera kilinasa maneno ya mwigizaji pamoja na bodaboda, jogoo wa jirani na feni ya sebuleni.

Kisha kuna ile desturi ya sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Filamu moja iligawanywa diski mbili ili iuzwe mara mbili, na kwa kuwa hadithi haikutosha diski mbili, ilibidi irefushwe. Bado ninayo moja niliyoinunua nikiwa safarini. Sehemu ya kwanza inaisha mwanamke akiwa ameshika kitasa cha mlango wa chumba alimo mumewe. Sehemu ya pili inaanza kwa kurudia dakika nyingi za sehemu ya kwanza, halafu anaonekana akishuka kwenye gari, akipanda ngazi polepole, akipita ukumbini, mpaka anakishika kitasa kile kile. Mlango ulipofunguliwa tulikuwa tumefika Chalinze. Abiria aliyekaa karibu nami alicheka, akasema hawa wanatuuzia ngazi. Alisema kwa mapenzi, lakini nadhani siku hiyo hiyo alikuwa ameanza kuacha kununua.

Nakala haramu zilipozidi, wasambazaji walishusha bei ya DVD ili washindane nazo, na bei iliposhuka, malipo ya masta nayo yakashuka, na siku za kupiga picha zikapungua tena. Halafu simu zikaweza kucheza video, vijana wakaanza kujaziwa filamu kwenye flashi kwa bei ya soda, na diski yenyewe, bidhaa ambayo tasnia nzima ilisimama juu yake, ikakosa mahali pa kuchomekwa.

Je, filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya chini hazikuchangia?

Zilichangia, lakini si kwa kiwango kilichodaiwa. Mwezi Aprili mwaka 2017, waigizaji na watayarishaji waliandamana hadi Kariakoo kupinga uuzaji wa filamu za nje, na jibu walilopewa na umma halikuwa la huruma: watu wengi waliwaambia watengeneze filamu nzuri kwanza.

Kuna somo zuri zaidi katika filamu hizo hizo za nje. Kwa miaka mingi, vibanda umiza vilijaa watu waliokwenda kutazama filamu za Hong Kong, India na Marekani zilizotafsiriwa na kusimuliwa kwa Kiswahili na mabingwa kama Lufufu, ambaye hakuwa akitafsiri maneno tu bali aliwapa wahusika majina, akawatania, akaeleza mila zao kana kwamba wanaishi Manzese. Benchi la mbao, giza la turubai, jasho, kiingilio cha sarafu moja, na sauti moja ya Mtanzania ikimfanya mpiganaji wa Kichina azungumze kama konda wa daladala. Watazamaji wale hawakuwa wakiikimbia lugha yao. Walikuwa wakilipa ili waisikie ikitumiwa kwa ufundi.

Stempu za kodi zilisaidia?

Kidogo, na kwa muda. Kanuni za mwaka 2013 zilitaka kila nakala ya filamu na muziki ibandikwe stempu ya Mamlaka ya Mapato, ili halali ijulikane na haramu ikamatwe. Wazo lilikuwa jema, lakini lilikuja wakati diski ilikuwa karibu kuondoka sokoni, na flashi haibandikwi stempu.

Kwa nini filamu nyingi za Bongo Muvi zilipewa majina ya Kiingereza?

Kwa sababu kava lilidhaniwa kuvutia zaidi kwa Kiingereza, ingawa filamu nzima ilikuwa ya Kiswahili. Tafsiri za chini ya picha zilikuwa mbovu kiasi kwamba wageni walizitazama kama vichekesho. Ni jambo dogo, tusilirefushe.

Waigizaji na mafundi wa zamani wako wapi sasa?

Wengi wako kwenye tamthilia za televisheni za kulipia. Vituo vya ving'amuzi vinahitaji saa nyingi za maudhui ya Kiswahili kila wiki, na tamthilia ndefu kama *Huba* na *Jua Kali* zimewapa waigizaji, waandishi na mafundi kazi ya kudumu ambayo Bongo Muvi haikuweza kuwapa. Azam nayo ilianzisha chaneli ya Sinema Zetu na, kuanzia mwaka 2018, tamasha la filamu lenye jina hilo.

Hii ni habari njema yenye mwiba. Sauti imekuwa safi, mwanga umekuwa bora, na mishahara inatoka. Lakini mwenye haki ya kazi kwa kawaida ni kituo kilichoiagiza. Masta inauzwa kwa mkupuo kama zamani, safari hii kwa bei ya heshima.

Ni filamu zipi zinazotajwa watu wanapozungumzia sinema huru ya Kiswahili?

Anza na *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi waliisoma shuleni. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar, ikiwa ya kwanza tangu *Maangamizi*. Inawafuata Denge na Yasmini katika Unguja ya miaka ya 1950, na kinachokaa akilini ni utulivu wake: vichochoro vya Mji Mkongwe vyenye kivuli, sauti ya taarabu kutoka chumba cha pili, na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini kwa sababu polisi wa kikoloni wako karibu. Aliyezoea Bongo Muvi huona dakika kumi za kwanza kuwa nzito. Kisha masikio yanazoea, na unagundua kwamba kimya nacho kinasema.

Kabla ya hapo Shivji alitengeneza *T-Junction*, iliyofungua Tamasha la Filamu la Zanzibar mwaka 2017. Seko Shamte aliongoza *Binti*, ya mwaka 2021, inayosimulia maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Nicholas Marwa aliongoza *Kiumeni*, ya mwaka 2017, ambayo ninaitaja kwa makusudi, kwa sababu ilijaribu jambo gumu zaidi: kuwavutia watazamaji wale wale wa Bongo Muvi huku ikipigwa picha kwa viwango vya ukumbi. Msomaji asidhani kwamba filamu huru lazima iwe ya polepole na ya huzuni.

Kwa nini filamu zinazosifiwa nje hazionekani hapa nyumbani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote, na hasira hiyo ni ya haki. Kumbi za kisasa ni chache, nyingi zimo ndani ya maduka makubwa ya Dar es Salaam na Arusha, na tikiti yake ni mlo wa siku mbili wa familia ya kawaida. Filamu ya Kiswahili ikiingia humo, hupewa siku chache na saa mbaya, kwa sababu filamu ya Hollywood iliyotangazwa dunia nzima ina uhakika zaidi wa kujaza viti. Kwa mtu wa Tabora, Mtwara au Kigoma, habari ya Toronto ni hadithi tu.

Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, limeziba sehemu ya pengo hilo. Ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota, mtu wa mtaa wa Malindi, Unguja, amekuwa akiketi ngazi moja na mgeni aliyetoka Ulaya. Lakini tamasha ni la siku chache kwa mwaka, na filamu inayoonyeshwa usiku mmoja haijapata soko.

Matumaini yangu makubwa yako kwenye maonyesho madogo. Niliwahi kuhudhuria moja katika ua wa nyumba Dar es Salaam: shuka jeupe lililokazwa kwa mawe, projekta ya kuazima, viti vya plastiki vya arusini, mama akiuza mihogo langoni. Adhana ya isha ilipoanza, mwenyeji aliisimamisha filamu, watu wakanyamaza, na ilipoisha akaiendeleza pale pale ilipoishia. Umeme ulikatika mara moja. Hakuna aliyeondoka. Tulikuwa kama sitini, kila mmoja amelipa kiingilio kidogo kwenye kikapu, na aliyetengeneza filamu aliondoka na fedha ile usiku ule, pamoja na filamu yake. Kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifanya kazi ya namna hii kwa moyo, kikionyesha hata filamu za zamani ambazo Watanzania wengi hawakuwahi kupata nafasi ya kuziona.

Filamu inayolipiwa na wafadhili ni huru kweli?

Inategemea aliyetoa fedha anataka nini. *Siri ya Mtungi*, tamthilia ya mwaka 2012, ililipiwa na fedha za Marekani za mradi wa afya, na bado ilikuwa kazi nzuri iliyowafundisha mafundi wengi viwango vipya. Ila ujumbe wa afya ulikuwa ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Mfuko wa sanaa wa Ulaya kwa kawaida hauna ujumbe wa kuhubiri, lakini una ladha, na mwongozaji akishaomba mara tatu na kukataliwa, huanza kuandika umaskini ule ambao kamati inautambua. Sishauri mtu akatae fedha hizo. Ninashauri asome mkataba, hasa kifungu cha haki za kuonyesha filamu Afrika Mashariki.

Serikali na ukaguzi vinaathirije?

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo inataka kibali kabla ya kupiga picha na ukaguzi kabla ya kuonyesha. Zanzibar ina baraza lake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASSFU). Mtengenezaji mdogo huumizwa na safari za ofisini na ada kuliko anavyoumizwa na mkasi wa wakaguzi, ingawa mkasi nao upo, na hofu ya mkasi humfanya mwandishi afute mwenyewe kabla hajaulizwa.

Majirani wamefanikiwa zaidi yetu?

Kwa upande wa heshima ya kimataifa, Kenya imetutangulia. *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, *Kati Kati* ya mwaka 2016 na *Supa Modo* ya mwaka 2018 zilizunguka dunia, zote zikiwa zimepita katika mpango wa mafunzo na utayarishaji wa One Fine Day Films ya Ujerumani. Tunaona kwamba mafunzo ya miaka mingi huzaa matunda. Tunaona vilevile kwamba mti huo ulimwagiliwa kutoka nje.

*Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilialikwa Cannes mwaka 2018 huku ikipigwa marufuku nyumbani, mpaka Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba mwaka huo. Foleni zilizojitokeza Nairobi siku hizo zilithibitisha kwamba watazamaji wa filamu ya nyumbani wapo na watalipa.

Uganda ina mfano wa aina yake. Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, walitengeneza filamu za mapigano kwa vifaa vya kuokoteza, na *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 ikapata mashabiki duniani kupitia intaneti. Kinachonivutia ni kwamba waigizaji wenyewe walitembeza diski mlango kwa mlango. Hawakumpa mtu wa kati masta yao.

YouTube inaweza kuwa suluhisho?

Kwa filamu fupi na vichekesho, ndiyo, na vijana wengi wanaishi kwayo. Kwa filamu ndefu bado ni ngumu, kwa sababu mtazamaji analipia bando kwanza, na filamu ya saa mbili inamgharimu kabla hata hajajua kama ni nzuri; matangazo nayo hulipa kidogo kwa watazamaji wa nchi zetu kuliko wa Ulaya. Walio Ughaibuni ndio wanaobeba mapato ya kazi nyingi za Kiswahili huko, na mtengenezaji mwenye busara anawakumbuka anapopanga tarehe ya kutoa kazi.

Nataka kutengeneza filamu yangu ya kwanza. Nianzie wapi?

Anza na filamu fupi ya dakika kumi au kumi na tano ambayo unaweza kuimaliza kwa fedha uliyonayo. Tafuta kibali mapema. Andikishianeni na kila aliyeshiriki, hata kama ni binamu yako, karatasi moja inayoeleza kalipwa nini na nani anamiliki nini, kisha usajili kazi yako Ofisi ya Hakimiliki. Ukiwa na fedha ya kukodi kifaa kimoja tu, kodi kipaza sauti na mtu wa kukishika, uiache kamera ya gharama. Watazamaji wetu wanasamehe picha yenye giza, lakini wakikosa maneno huanza kupiga soga.

Mtu akija kabla hujamaliza kuhariri, akiwa na fedha taslimu kwenye bahasha na kukwambia kwamba anachukua kila kitu, mwombe akuandikie kwenye karatasi: eneo gani, miaka mingapi, na asilimia ngapi kwa kila nakala au kila onyesho. Wengi hukasirika na kuondoka. Wachache hurudi baada ya wiki moja wakiwa na kalamu.